Mashine zimeanza kujiendesha: wanetu wasome uhandisi upi?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, kuna swali ambalo wazazi wa hapa Mombasa huniuliza kila mmoja kwa namna yake. Yupo anayetaka kujua kama umeme bado una kazi. Yupo anayepima kati ya mitambo na kompyuta. Mwengine ameona kwenye simu video ya bandari ya ng'ambo isiyokuwa na dereva hata mmoja, akashtuka. Ukiyakusanya yote, linabaki moja: ikiwa mashine zinajiendesha zenyewe, karo ya uhandisi ya nini?

Ni swali la haki. Karo ya chuo kwa familia nyingi za Pwani ni kiwanja kilichouzwa, ni chama cha kina mama kilichovunjwa, ni mjomba aliye Saudia anayetuma kidogo kila mwezi. Anayetoa pesa hizo ana haki ya kujua zinakwenda wapi. Mimi nimefanya kazi ya umeme wa viwandani miaka mingi kabla ya kuingia darasani kufundisha, na nitajaribu kulijibu hatua kwa hatua. Kwanza tufahamu mashine inayojiendesha ni kitu gani hasa. Kisha tuone imebadilisha nini kazini, elimu gani inamfaa kijana wa leo, na mambo ya kuuliza kabla hujatoa shilingi.

Tangi la maji juu ya dari

Huna haja ya kwenda Ujerumani kuiona otomatiki. Panda juu ya dari. Nyumba nyingi za mjini, kwa shida yetu ya maji tunayoijua, zina tangi juu na pampu chini. Ndani ya tangi mna boya. Maji yakishuka, boya linashuka nayo na kufunga swichi, pampu inawaka. Maji yakijaa, boya linapanda, pampu inazima. Hakuna aliyeamka usiku wa manane kwenda kubonyeza kitu.

Hapo pana mambo matatu: kitu kinachohisi, kitu kinachoamua na kitu kinachotenda. Kiwanda kikubwa kabisa duniani kimejengwa juu ya hayo hayo matatu, yakarudiwa maelfu ya mara. Na fikra yenyewe si ngeni. Katika karne ya 9 kule Baghdad, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu cha vifaa vya ajabu ambamo boya na valvu vinajifungua na kujifunga vyenyewe. Al-Jazari naye, mwaka 1206, alieleza kwa michoro jinsi ya kutengeneza saa za maji na mashine za kupandisha maji. Kilichobadilika tangu wakati huo ni yule wa katikati, yaani anayeamua.

Kwa muda mrefu viwandani uamuzi ulifanywa na rilei, vijiswichi vinavyovutwa na sumaku ya umeme. Mashine moja ingeweza kuwa na kabati zima la rilei, mamia kwa mamia, zimeunganishwa kwa nyaya kama utando wa buibui. Kiwanda kikitaka kubadilisha bidhaa, mafundi walikata nyaya na kuziunganisha upya, kazi ya siku nyingi. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors, Marekani, ilichoshwa na hali hiyo ikaomba itengenezewe kifaa badala yake. Kundi la mhandisi Dick Morley likaleta Modicon 084, na tangu hapo ikazaliwa ile kompyuta ya kiwandani tunayoiita PLC. Ni kompyuta isiyo na madaha: inastahimili joto, vumbi na mtikisiko, na kazi yake ni kusoma vihisi, kuamua, kisha kuamuru mota na valvu. Ukitaka mashine ifanye kazi tofauti hukati tena waya, unabadilisha programu.

Leo PLC na jamaa zake wamo katika viwanda vya saruji, vya maji ya chupa, vya unga na vya mafuta ya kupikia. Wamo pia katika lifti na kwenye mitambo ya kupoza samaki. Kwa hivyo anayesema otomatiki "inakuja" Pwani amechelewa kidogo. Iko hapa miaka mingi.

Jipya ni kwamba mashine hizo sasa zinazungumza. Mwaka 2011, kwenye maonyesho ya viwanda mjini Hannover, Wajerumani waliipa hali hii jina la mapinduzi ya nne ya viwanda. Ya kwanza yalikuwa ya mvuke, ya pili ya umeme na uzalishaji wa mfululizo, ya tatu ya elektroniki na kompyuta. Ya nne ni ya mashine zilizounganishwa kwa mtandao, zinazokusanya takwimu na kuzitumia.

Turudi tangini tuone tofauti yake. Badala ya boya, weka kihisi kinachopima kimo cha maji kwa sentimita na kutuma habari kwenye simu yako. Miezi mitatu ikipita, takwimu zinaonyesha kwamba pampu iliyokuwa ikijaza tangi kwa dakika 40 sasa inachukua dakika 55. Maji bado yanafika, hakuna aliyelalamika nyumbani. Lakini wewe umeshajua kwamba ama bomba linavuja ama pampu inachoka, na unaweza kutengeneza kabla haijaungua. Kujua ubovu kabla haujatokea ndiko viwanda vinakolipia pesa nyingi siku hizi.

Pampu ikikataa kuwaka

Sasa tuseme umeamka asubuhi, tangi ni tupu na pampu iko kimya. Unamwita fundi. Ikiwa mfumo ni ule wa boya, ana machache ya kuangalia: umeme upo, boya limekwama, au mota imeungua.

Ikiwa mfumo ni mpya, orodha inarefuka. Huenda kisima kimekauka, na kifaa cha kuilinda pampu kimeizuia isizunguke bila maji. Hapo mashine haina ubaya wowote, inafanya ilivyoagizwa. Huenda kihisi kimeingia unyevu na kinadanganya kwamba tangi limejaa. Huenda kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, imeliwa na kutu ya chumvi. Huenda kuna mtu aliyebadilisha namba moja kwenye programu. Na huenda kila kitu ni kizima ila mtandao umekatika, na mfumo ulipangwa usiwashe chochote usipopata habari.

Fundi anayejua mota pekee atafungua mota. Aliyesomea kompyuta pekee atafungua laptopu. Wote wawili watachukua pesa yako na pampu itabaki kimya. Anayehitajika ni mtu anayeweza kuufuata mfumo wote kutoka majini hadi kwenye simu, akajua pa kuanzia na kipimo gani kitamwambia ukweli.

Haya nimeyaona viwandani. Katika kiwanda kimoja mkanda wa kubebea mizigo ulikuwa ukisimama kila baada ya dakika chache. Kijana aliyetoka chuoni akakaa na laptopu kutwa nzima akipitia programu mstari baada ya mstari. Alasiri akaja mzee mmoja wa pale pale na kitambaa, akapangusa jicho la kihisi lililojaa vumbi, na mkanda ukaenda. Pahali pengine ikawa kinyume chake. Mafundi wazoefu walibadilisha mota mara mbili, na zote zikawa zinapata moto. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye inveta, kifaa kinachotawala kasi ya mota, ambayo ilikuwa imewekewa namba za mota ya aina nyingine. Hakuna bisibisi ingeliona hilo.

Yule kijana na wale wazee kila mmoja alikuwa na nusu ya ujuzi. Elimu ya uhandisi ya leo kazi yake ni kuziunganisha nusu hizo mbili katika kichwa kimoja.

Kilindini imeshaona mambo kama haya

Kuna wanaodhani hofu ya mashine kula kazi ni ya kizazi hiki. Waulize wazee waliofanya kazi bandarini. Zamani meli ilipakuliwa gunia kwa gunia na kreti kwa kreti, kwa mabega ya makuli, na meli moja ililala gatini siku nyingi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Aliyeipanga safari hiyo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori, na alichotaka ni mzigo usiguswe na mikono mingi njiani. Fikra hiyo ikazunguka dunia, ikafika Kilindini, na kazi ya kubeba gunia ikapungua kama ilivyopungua kila bandari.

Baadaye zikaja karatasi. Kazi nyingi za makarani, za kuandika kontena lipi liko wapi, zilihamia kwenye kompyuta bandari ilipoanza kutumia mfumo wa KWATOS mwaka 2008. Na huko mbele tunaona kinachowezekana. Rotterdam ilikuwa na kituo cha makontena chenye magari yasiyo na dereva tangu 1993. Qingdao, China, ilifungua chake mwaka 2017, ambako kreni zinaongozwa kwa kompyuta na watu wachache wanasimamia kutoka ofisini.

Sitaki kumdanganya mtu. Kituo cha namna hiyo kinahitaji watu wachache kuliko cha zamani. Anayewaambia vijana kwamba mashine huleta kazi nyingi kuliko inazoondoa, pale pale zilipoondolewa, awaonyeshe wapi. Kinachojulikana ni aina ya kazi zinazobaki: kutengeneza, kupanga programu, kusoma takwimu, kulinda mitandao isivamiwe, na kuamua pale mashine inapofika mwisho wa akili yake.

Bandari yetu bado ina waendeshaji wa kreni, na huenda wakabaki kwa muda. Lakini kreni yenyewe ndani yake ina PLC, ina inveta na ina vihisi kila kona. Lamu nayo ilipokea meli katika gati lake la kwanza mwezi Mei 2021, na huko pia mashine ni za kizazi hiki. Kila moja ya kreni hizo itaharibika siku moja saa nane za usiku, meli inangoja, na kila saa ya kungoja ni pesa. Nani ataitwa?

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Kila siku tunasikia malalamiko kwamba kazi za bandari zinakwenda kwa watu wasiokuwa wa Pwani. Malalamiko hayo yana historia yake na sitayabeza. Lakini kazi ya kuitengeneza kreni haipatikani kwa barua ya mheshimiwa. Siku kreni imesimama, anayetafutwa ni anayeweza kuiinua. Kama hatukumwandaa mtoto wetu awe huyo, tutakuwa tumeifunga wenyewe ile nafasi moja ambayo ingekuwa ngumu kunyimwa.

Wazee wetu walilijua hili

Wanaokumbuka Mombasa ya zamani wanaijua MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu kule Tudor. Ilianzishwa kwa hati mwaka 1948, kwa juhudi na michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa wa Kibohora na serikali ya kikoloni, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1966 milango ilifunguliwa kwa wote. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM.

Ninaitaja historia hii kwa sababu moja. Vita vya pili vya dunia vimetoka kwisha, na watu wa Pwani na majirani zao wakakaa wakaona ulimwengu wa mashine unakuja, na kwamba kijana asiyejua mashine atabaki mlangoni. Hawakungoja. Walitafuta ardhi, pesa na walimu. Leo tuna TUM, tuna Kenya Coast National Polytechnic, tuna Bandari Maritime Academy na vyuo vya ufundi vya kaunti kutoka Kwale hadi Lamu. Majengo si haba. Tujiulize kinachofanyika ndani yake.

Elimu yenyewe iweje?

Kwa maoni yangu mambo ni matatu, na utaratibu wake ni muhimu.

La kwanza ni msingi wa hisabati na fizikia. Wengi wanafikiri kompyuta imekuja kutuondolea hesabu. Imefanya kinyume. Chukua kontena linaloning'inia kwenye kreni. Kreni ikisimama ghafla, kontena linabembea, na mwendeshaji hawezi kulishusha mpaka litulie. Kubembea huko ni ile timazi ya kamba na jiwe iliyomo kwenye kitabu cha fizikia cha sekondari. Kamba ya mita 20 huchukua takriban sekunde 9 kwenda na kurudi, liwe kontena tupu au limejaa, kwa sababu muda hutegemea urefu wa kamba na si uzito wa mzigo. Programu ya kutuliza mzigo imejengwa juu ya kanuni hiyo: kompyuta inajua urefu wa kamba, inakokotoa muda wa mbembeo, kisha inaipunguza kasi ya kreni kwa wakati unaofaa. Mwanafunzi aliyekariri kanuni apate alama, asiwahi kufunga jiwe kwenye uzi akahesabu sekunde, ataiona programu ile kama uganga. Aliyefanya hivyo ataisoma na kuirekebisha.

La pili ni kuacha kuzitenga fani. Mpaka leo wanafunzi wengi wa mitambo hawagusi programu, wa umeme hawajui beringi, na wa kompyuta hawajawahi kushika mita ya kupimia umeme. Wajapani waliliona tatizo hili mapema: neno "mekatroniki", la kuunganisha mekanika na elektroniki, lilibuniwa mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa. Wajerumani walilifanya kuwa ufundi rasmi wa kusomewa mwaka 1998. Hapa Kenya vyuo vikuu vya JKUAT na Dedan Kimathi vinatoa shahada yake. Lakini jina la kozi si lazima liwe hilo. Kinachotakiwa ni wanafunzi wa fani tatu waletwe kwenye meza moja na mashine moja, waambiwe: iwasheni, iharibuni, itengenezeni.

La tatu ni saa za mikono. Kule Ujerumani kijana anayesomea ufundi hukaa kazini siku tatu au nne kwa wiki na shuleni siku moja au mbili, kwa miaka mitatu hivi, na anafunzwa kwenye mashine zile zile zinazofanya kazi. Kenya imeanza kuelekea huko. Vyuo vya ufundi vinafuata mfumo wa umilisi, CBET, ambapo mwanafunzi hupimwa kwa kuonyesha anachoweza kufanya, si kwa alichokiandika tu. Mfumo ni mzuri kwenye karatasi. Lakini chuo chenye PLC moja na wanafunzi 60 hakiwezi kumpima mtu umilisi, kinaweza kumwonyesha picha. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na nta nyingi inagawanywa siku hizi.

Nitaongeza jambo moja la kwetu wenyewe. Vitabu vingi vya mashine vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Havikueleza kwa kina hewa ya chumvi ya Likoni au Kilindini inavyokula viungo vya shaba, wala joto la Machi ndani ya kabati la umeme lililofungwa, wala umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Fundi wa Pwani anayeyajua haya na kuyaandika ana elimu ambayo mtengenezaji wa Hamburg anaihitaji. Nawaambia wanafunzi wangu kila mmoja awe na daftari: tarehe, kilichoharibika, sababu. Daftari kama hilo, likijaa, lina thamani kubwa mbele ya mwajiri.

Vifaa si lazima viwe vya mamilioni

Ukilitaja hili kwa wakuu wa vyuo, jibu la kwanza huwa ni pesa. Ni kweli roboti ya kiwandani ni ghali. Lakini kufundisha kuhisi, kuamua na kutenda hakuhitaji roboti. Mwaka 2005 walimu wa Ivrea, Italia, walitengeneza Arduino, kibodi kidogo cha elektroniki kilichokusudiwa wanafunzi wasio na pesa. Kinauzwa hata madukani Nairobi, na leo mtoto wa kidato cha pili anaweza kukitumia kuwasha pampu ndogo kulingana na unyevu wa udongo kwenye mche wa mchicha. Zipo pia programu za bure zinazoigiza PLC kwenye kompyuta ya kawaida.

Na gereji zetu? Ndani ya magari yaliyokatwa, mashine za kufulia zilizokufa na printa zilizotupwa mna mota, vihisi na vidhibiti vizima. Karakana yenye mwalimu mwenye ari inaweza kuvuna huko vifaa vya mwaka mzima. Mashine kubwa zitahitajika, ndiyo, kwa sababu Arduino haifanani na kabati la umeme la volti 415, ambalo likikosewa linaua. Usalama haufundishwi kwa kuigiza kwenye skrini. Lakini asiyekuwa na kubwa aanze na ndogo, asikae bure.

Kabla hujalipa karo, uliza haya

Mzazi, siku ya kwenda kumsajili mwanao usiridhike na lango lililopakwa rangi wala jina refu la kozi. Omba kuonyeshwa karakana, halafu uliza mambo matano.

Moja, kozi imetambuliwa na nani? Shahada ya uhandisi sharti itambuliwe na Bodi ya Wahandisi, EBK, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Bila hivyo mwanao atamaliza masomo asiweze kusajiliwa kama mhandisi. Kwa mafundi sanifu ipo bodi ya KETRB, chini ya sheria ya 2016. Chuo cha ufundi chenyewe kiwe na leseni ya TVETA. Usikubali "tuko mbioni kupata", taka karatasi.

Mbili, mwanafunzi anakaa karakana saa ngapi kwa wiki, na mashine moja hugawanywa na wangapi?

Tatu, mwalimu wa somo hilo alifanya kazi kiwandani lini mara ya mwisho? Teknolojia hii inabadilika haraka, na mwalimu asiyetoka huishia kufundisha historia.

Nne, mafunzo ya kazini, yale wanafunzi huyaita atachimenti, yanapatikana vipi? Chuo kina makubaliano na viwanda na bandari, au kijana anapewa barua akazunguke nayo mwenyewe kwenye malango Changamwe nzima? Na akishapata, atagusa mashine au atatumwa chai?

Tano, mradi wa mwisho ni wa nini? Omba uonyeshwe mitatu ya mwaka uliopita. Kama ni mafaili tupu ya karatasi, umeshapata jibu.

Na usimdharau mwanao aliyepata alama ndogo. Njia si ya shahada peke yake. Mwenye C- anaweza kuanza stashahada, mwenye D cheti, na ngazi ya ufundi stadi iko wazi hata kwa aliye chini ya hapo, kisha akapanda daraja kwa daraja. Wapo mafundi walioanza na cheti ambao wahandisi wenye shahada huwapigia simu wakikwama. Na wasichana tusiwaachie njia ya ukarani tu. Mashine hizi haziinuliwi kwa misuli, zinahitaji makini, na makini hayana jinsia.

Viongozi nao wana sehemu yao

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu na vyuo vya kitaifa ni vya serikali kuu. Kwa hivyo MCA anapokuja kuomba kura, muulize kuhusu chuo cha ufundi cha wadi yake: kina umeme wa fezi tatu? Kina mwalimu wa elektroniki? Basari ni jambo jema, lakini basari ya kumpeleka mtoto kwenye karakana tupu ni maji ndani ya pakacha. Sehemu ya pesa hizo ikinunua vifaa, itafaidi wanafunzi wa miaka kumi.

Waajiri pia wasijifiche. Kila mwajiri anayetakiwa na sheria hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, unaosimamiwa na mamlaka ya NITA, na mwajiri anayelipa anaweza kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kiwanda kinachobadilisha kabati la PLC na kulitupa lile la zamani kingeweza kulipeleka kwenye chuo jirani. Kwake ni chuma chakavu. Kwa wanafunzi 60 ni kitabu cha kusoma kwa mikono.

Muhula mpya ukikaribia, jirani wa mtaa mmoja wangeweza kufanya jambo dogo: kukodi matatu moja Jumamosi, wakaenda pamoja na watoto wao kuona karakana za vyuo viwili au vitatu kabla ya kuchagua. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko karo ya miaka mitatu. Fikeni asubuhi, mwombe mwalimu awashe mashine, kisha mumwombe mwanafunzi, si mwalimu, aeleze inafanya nini. Mtayajua mengi hapo kuliko niliyoyaandika hapa.